Barua ya wazi: Nyaraka za kura za maoni ziokolewe kabla hazijauzwa kwa kilo

Kwa:
Mkurugenzi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi
Naibu Chansela, Chuo Kikuu cha Nairobi
Viongozi wa Chama cha Utafiti wa Masoko na Jamii (MSRA)

Waheshimiwa,

Kuna makaratasi ambayo hayahesabiwi kuwa nyaraka za umma, na mwenye nayo haoni tena faida ya kuyatunza. Yanapotea kimyakimya. Ni makaratasi ya watu waliofanya kazi ya kuwauliza Wakenya watampigia nani kura: hojaji zilizojazwa kwa mkono, orodha za maeneo yaliyochaguliwa, ripoti za wasimamizi wa nyanjani, barua kati ya kampuni na waliolipia kazi, vitabu vya misimbo, disketi na sidii za data. Ombi langu ni kwamba Hifadhi ya Nyaraka, ikishirikiana na chuo kikuu, ifungue mkusanyo maalumu wa nyaraka za utafiti wa maoni ya kisiasa, na ianze kwa kuwaendea walioijenga kazi hii hapa nchini wangali hai na masanduku yao yangalipo.

Nimekuwa mhoji, kisha msimamizi wa nyanjani, katika kampuni zaidi ya moja. Kwa hiyo nazungumza juu ya vitu nilivyovishika.

Najua swali litakaloulizwa kwanza mezani kwenu. Hizi si biashara za watu? Na matokeo si yalitangazwa kwenye runinga, magazeti yakayachapisha, na magazeti mnayo tayari? Ni kweli. Lakini kilichotangazwa ni asilimia tatu nne na picha za wagombea. Asilimia ndiyo sehemu ndogo kuliko zote ya kura ya maoni, na ndiyo sehemu pekee tuliyoiweka.

Tuchukue mwaka 2007, kwa sababu hakuna mwaka unaoeleza jambo hili vizuri zaidi. Kwa miezi mingi kura za maoni za Steadman zilimweka Rais Mwai Kibaki mbele. Kufikia mwisho wa Septemba Raila Odinga alikuwa amempita. Kura ya mwisho ya kampuni hiyo kabla ya uchaguzi, iliyotolewa Desemba, ilimpa Raila asilimia 45, Kibaki 43 na Kalonzo Musyoka 10, yaani tofauti ambayo mtafiti yeyote mwaminifu angeiita sare. Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Kibaki mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila. Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa upya kwa Mkenya. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliokufa.

Sasa, siku ile ile ya Desemba 27 wahoji walikuwa wamesimama nje ya vituo vya kupigia kura, wakiwauliza watu waliotoka ndani wamempigia nani. Kazi hiyo iliendeshwa na International Republican Institute ya Marekani, IRI kwa kifupi, kwa fedha za shirika la misaada la USAID, pamoja na watafiti wa University of California, San Diego. Hesabu yao ilimweka Raila kwenye asilimia 46 hivi na Kibaki kwenye 40. Haikutangazwa. IRI ilisema ina shaka na data na inataka wataalamu waikague kwanza. Januari ikapita, Februari ikapita, nchi ikiwaka moto, na Kofi Annan akawapatanisha wakubwa. Ilikuwa Julai 2008 watafiti wale walipoyasema matokeo hadharani mjini Washington, na Agosti ndipo IRI yenyewe ikayatoa. Serikali ya mseto ilikuwa imekwisha kuapishwa tangu Aprili.

Sisemi nani alishinda. Jaji Johann Kriegler na tume yake iliyouchunguza uchaguzi huo walitoa ripoti Septemba mwaka huo huo wakasema hakuna njia ya kujua, kwa sababu kumbukumbu zenyewe zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutotegemewa. Walifika hapo baada ya kupekua fomu 16A, zile za matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, na nyinginezo, karatasi kwa karatasi, wakilinganisha tarakimu. Hoja yangu iko kwenye hilo neno kupekua. Fomu za Tume ya Uchaguzi ni nyaraka za umma, na jaji aliweza kuzidai. Fomu walizojaza wahoji siku ile ile, kutoka kwa wapiga kura wale wale, hazina hadhi yoyote hapa kwetu. Data ikitiliwa shaka, dawa yake ni kurudi kwenye karatasi: hii tarakimu iliingizwa sawasawa kwenye kompyuta? Kituo hiki kilifikiwa kweli? Mhoji huyu alisimama mlangoni au alijijazia hotelini? Maswali hayo hujibiwa na sanduku la hojaji.

Niwafungulie sanduku moja basi, kwa wale ambao hawajawahi kuliona.

Ukurasa wa mbele wa hojaji una namba ya eneo, tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na hesabu ya milango iliyobishwa kabla ya kupatikana mtu wa kujibu. Ukiona mahojiano ya maswali sitini yameanza saa nne kamili na kuisha saa nne na dakika kumi na mbili, unajua kijana alikaa chini ya mti akajiuliza na kujijibu. Msimamizi mzuri alilibaini hilo jioni ile ile, akachora mstari mwekundu na kuandika “rudia”. Hojaji zenye mistari myekundu zinakuonyesha kampuni iliyofanya kazi yake. Sanduku zima lisilo na mstari hata mmoja linakuonyesha kitu kingine.

Halafu kuna maandishi ya pembeni, ambayo wahoji waliyaandika kwa kalamu bila kuulizwa na mtu. “Mume ameingia, mama amenyamaza.” “Ameniuliza kama nimetumwa na chifu.” “Jibu limetolewa na mwana.” Afrobarometer, mradi ulioanza mwaka 1999 katika nchi 12 za Afrika, umeligeuza jambo hili kuwa sehemu ya hojaji yenyewe: mwishoni mhojiwa huulizwa anadhani ni nani aliyewatuma wahoji, na mhoji hujaza kama kulikuwa na mtu mwingine akisikiliza. Wanajua kwamba anayeamini ametembelewa na serikali hajibu kama anayeamini ametembelewa na chuo. Kampuni zetu nyingi hazikuwa na swali hilo. Zilikuwa na ukingo wa karatasi.

Kuna pia karatasi ya kufuatilia nyumba, ile inayoonyesha ni nani alikataa, wapi na wiki gani. Kwangu mimi hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayotupwa kwanza, kwa kuwa mteja haiulizi kamwe.

Na kuna kitabu cha misimbo. Bila hicho, data iliyobaki kwenye kompyuta ni tarakimu tupu. Safu ya 14 ina 1, 2, 3, 8 na 9. Tatu za mwanzo ni wagombea, lakini kwa mpangilio upi? Je, 8 ni “sijui” na 9 ni “amekataa kujibu”, au ni kinyume chake? Ukikosea hapo unawageuza waliokataa kusema kuwa watu ambao hawajaamua. Katika siasa za Kenya hao ni watu tofauti kabisa. Mmoja bado anapima. Mwenzake alishaamua zamani ila anaangalia kwanza majirani zake ni akina nani.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Mwaka 2022 kampuni za TIFA, Infotrak na Ipsos zote zilimweka Raila mbele katika kura zao za mwisho. William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Mitandaoni watu waliwacheka watafiti, wengine wakasema wamenunuliwa, na mjadala ukaishia hapo kwenye matusi. Lakini hebu tazameni: kura ya mwisho ya TIFA ilimpa Raila 46.7 na Ruto 44.4. Ukijumlisha hao wawili, karibu mtu mmoja kati ya kila kumi na mmoja hayumo. Walikuwa nani? Waliishi wapi, walikuwa na umri gani, walisema “sijui” au walisema “hiyo ni siri yangu”? Huenda uchaguzi wote ulikuwa umejificha humo. Anayetaka kujua kama watafiti walikosea, walidanganywa na waliowauliza, au walipatia kisha watu wakabadilika siku za mwisho, anahitaji data yote, na vitabu vyake, na ripoti za nyanjani. Kutuhumu hakuhitaji karatasi.

Nakuja kwenye jambo linalowatia hofu wanasheria: siri ya mhojiwa. Hofu hiyo ni ya haki, na mimi naiona kuwa sababu ya kuzipeleka nyaraka hizi mahali salama. Kampuni moja niliyoifanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilihama ofisi na hojaji zilizokuwa stoo zikauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu. Baadaye mwenzetu mmoja alinunua njugu stendi ya matatu, zimefungwa kwa karatasi yenye mwandiko alioutambua. Ilikuwa na namba ya simu ya mhojiwa, jina la kituo chake cha kupigia kura, na jibu lake kwa swali la urais. Mtu yule aliambiwa mlangoni kwake kwamba atakayoyasema ni siri. Tulimtazama machoni tukamwambia hivyo.

Mtunza nyaraka aliyefunzwa asingeziuza hojaji hizo kwa kilo. Angetenga ukurasa wenye jina na simu, aufungie au auteketeze kwa utaratibu ulioandikwa. Kwenye data angeondoa kijiji na kubakiza eneo bunge. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikufunga mlango wa utafiti wa historia na takwimu. Ilichotaka ni kwamba mtu asitambulike katika kinachochapishwa. Kwa hiyo anayeniambia kuwa nyaraka hizi haziwezi kuhifadhiwa kwa sababu ya faragha, namwomba anieleze faragha ya pakiti ya njugu.

Jambo lenyewe wengine walishalifanya, na walilifanya mapema. Elmo Roper, mmoja wa waliouanzisha upimaji wa maoni Marekani, alianza kuweka data zake Williams College, Massachusetts, mwaka 1947. Kituo kinachobeba jina lake kikahamia University of Connecticut mwaka 1977 na tangu 2015 kiko Cornell, kikiwa na data za Gallup na za washindani wake humo humo. Data za Louis Harris, aliyempimia John F. Kennedy maoni ya wapiga kura mwaka 1960, ziko University of North Carolina, Chapel Hill. Uingereza wana hazina ya data University of Essex tangu 1967. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Robert Teeter. Huyu alikuwa mpima maoni wa kampeni ya Rais Gerald Ford mwaka 1976, kampeni iliyoshindwa. Makaratasi yake yako katika maktaba ya rais huyo, Ann Arbor, Michigan, na mwanafunzi yeyote anaweza kwenda kusoma memo alizowaandikia waendesha kampeni: wapi tunapoteza, nani hana imani nasi, mgombea asiseme nini. Zilikuwa siri za chama. Zikapoa, zikawa historia.

Hapa kwetu hilo ndilo pengo kubwa. Kura za maoni zilizotangazwa ni baadhi tu ya zilizofanywa. Wagombea na vyama wamekuwa wakilipia za kwao, za ndani, na wengi wetu tuliozikusanya tunajua ilivyokuwa: mgombea anaonyeshwa kwamba yuko nyuma, anaifunga ripoti kabatini, kisha kesho yake anapanda jukwaani kuwaambia watu kuwa mwingine akitangazwa mshindi basi kura zimeibwa. Mwanahistoria akiweza kuweka tarehe ya ripoti kando ya tarehe ya hotuba, atajua kiongozi alijua nini na lini. Kwa nchi iliyopitia tuliyopitia, sioni nyaraka ya kisiasa yenye uzito kuliko hiyo. Ndiyo pia nyaraka ambayo wenyewe wangependa ipotee, kwa hiyo msingoje waje kuileta.

Wala msidhani kazi hii ilianza na runinga za miaka ya 2000. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Nairobi ilikuwa na kampuni iliyoitwa Marco Surveys ikiuliza watu wa Afrika Mashariki maswali ya siasa wakati uhuru unakaribia. Fikirini majibu ya mkulima wa Nyeri au mvuvi wa Lamu mwaka ambao hakuna aliyejua nchi hii itakuwa ya namna gani! Wengi wetu tumeijua kampuni hiyo kupitia tanbihi za vitabu vya watu wengine, mstari mmoja wenye jina na mwaka.

Na katika miaka yetu hii, kampuni iliyojulikana zaidi imebadilisha mikono mara mbili. Steadman ilinunuliwa na Synovate mwaka 2008, na Synovate ikachukuliwa na Ipsos mwaka 2011. Sina kisa cha kusimulia dhidi ya yeyote kati yao. Nasema tu jinsi biashara ilivyo: kampuni inaponunuliwa, wanaohesabu mali huhesabu wateja, mikataba, magari na kompyuta. Sanduku la hojaji za miaka iliyopita huhesabiwa kuwa nafasi inayolipiwa kodi.

Kuna atakayesema Hifadhi ya Nyaraka ni ya serikali na haina mamlaka juu ya mali ya watu binafsi. Jibu liko ghorofa ya chini ya jengo lenu wenyewe. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, alikuwa amekusanya nyumbani kwake vitabu, barua na kazi za sanaa kwa muda mrefu, kwa fedha yake na kwa jicho lake. Katika miaka ya 1970 serikali ilinunua maktaba na nyaraka zake, na leo zimo mikononi mwenu, pamoja na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900. Watoto wa shule huingia hapo kila wiki kutazama vinyago vyake. Yalikuwa mali ya mtu, yakawa ya taifa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Tena hawa ninaowataja mimi sidhani wote watadai kulipwa. Wengi ni wazee waliostaafu ambao wake zao wamewachosha kwa kuwauliza yale makaratasi ya gereji yataondoka lini.

Kitu kimoja tunachokijua vizuri Wakenya ni nguvu ya jalada lililofichwa. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, ilibainika kwamba Uingereza ilikuwa imehifadhi katika kituo cha serikali yake cha Hanslope Park takribani majalada 1,500 ya Kenya yaliyohamishwa wakati wa uhuru, na mwaka 2013 serikali yake ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Majalada yale yalisalia kwa sababu kuna aliyeona ni ya hatari, akayafungia. Makaratasi ya wapima maoni hayana hata adui wa kuyaficha.

Sasa niseme mambo ya kazi yenyewe, maana najua barua za namna hii hutupwa zikiwa na maneno matamu tu.

Bwana Mkurugenzi, kwanza ni kuwaandikia kampuni na waasisi wao barua rasmi ya nia, mkieleza kwamba mko tayari kupokea. Mtu hatoi kitu mahali asipoalikwa. Barua iambatane na hati ya makabidhiano inayomruhusu mtoaji kuweka masharti ya muda. Napendekeza hivi: kura iliyokwisha kutangazwa ifunguliwe baada ya miaka mitano, ile ya ndani, iliyolipiwa na chama au mgombea, ikae imefungwa miaka ishirini, hata zaidi kama mteja atakataa, lakini ikae kwenu. Muda mrefu mikononi mwa Hifadhi ni bora kuliko ruhusa ya haraka kwa sanduku ambalo halipo. Fedha za kuchanganua kila karatasi zinaweza kungoja. Kisichongoja ni karatasi za faksi ambazo maandishi yake yanafifia mwaka hadi mwaka, pini zinazoota kutu na kula pembe za karatasi, mchwa, na disketi ambazo hata kompyuta ya kuzisoma inatafutwa. Zipokelewe, zitolewe pini, ziwekwe kwenye masanduku makavu, na data ihamishwe kwenye faili za kawaida zisizodai programu ya kununua. Hayo yanahitaji chumba na watu wawili watatu wanaojua wanachofanya.

Naibu Chansela, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya chuo chako imewahi kuendesha utafiti wa Afrobarometer nchini, kwa hiyo ujuzi mnao. Shirika la Takwimu la Taifa nalo lina hazina yake ya data za sensa na tafiti za kaya. Yaani tunajua kuhifadhi idadi ya mabati na mbuzi wa kila kaya, ila tulichokifikiria juu ya watawala wetu hakina rafu. Wanafunzi wako wa sayansi ya siasa wapewe masanduku haya wayaorodheshe kama sehemu ya masomo. Wawatafute na wahoji wa zamani, wale akina dada na vijana waliovuka mito na kukimbizwa na mbwa, wawarekodi. Wahoji wanajua mambo ambayo hakuna msimbo uliowahi kuyabeba: kijiji gani walifukuzwa, diwani gani aliwafuata nyumba kwa nyumba, mwaka gani watu walianza kujibu kwa kunong'ona.

Viongozi wa MSRA, kwenu ombi ni la kanuni. Sheria ya mwaka 2012 ya uchapishaji wa kura za maoni inamtaka anayetangaza aseme nani alilipa, nani alifanya, lini, na wangapi waliulizwa, na inakataza kutangaza siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Hiyo ni sheria ya kutangaza. Wekeni ninyi ya kutunza: mwanachama asiharibu nyaraka za kura ya maoni iliyotangazwa bila kwanza kuiuliza Hifadhi kama inazitaka. Itawasaidia wenyewe. Kila uchaguzi huibuka kampuni za mfukoni zenye jina la kizungu na namba ya simu moja, zinatoa asilimia, kisha zinayeyuka. Siku ambayo kampuni ya kweli itaweza kusema “nendeni Moi Avenue, sanduku letu lipo”, na ile nyingine haina sanduku, hamtahitaji tena kujitetea runingani.

Msidanganyike pia kwamba tatizo hili litaisha lenyewe kwa kuwa karatasi zimekwisha. Limekuwa baya zaidi. Siku hizi wahoji hubeba simu au tableti, wengine hupiga simu tu kutoka ofisini. Hojaji ni programu, majibu yanaruka moja kwa moja hadi kwenye seva inayolipiwa kwa mwezi, mara nyingi nje ya nchi. Malipo yakikoma, data inakwenda, na hapabaki hata karatasi ya kufungia njugu. Ukingo ule wa kuandikia “mume ameingia” nao umekwisha, isipokuwa aliyetunga programu akumbuke kuacha nafasi. Uchaguzi wa Agosti 2027 utapimwa hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama mkataba wa kuhifadhi utangoja uchaguzi upite, utakuwa umechelewa kwa kile kile kitakachogombaniwa.

Kwa upande wangu, ninazo daftari zangu za nyanjani, miongozo ya mafunzo ya wahoji kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za hapa nchini tulizozifanyia kazi, na nakala za ramani tulizochora kwa mkono kuonyesha tulianzia nyumba ipi na tuligeukia wapi. Hakuna jina la mhojiwa ndani yake. Niko tayari kuzileta na kutia sahihi fomu yoyote, bila malipo na bila sharti la muda. Naomba tu nijibiwe ni ofisi gani inayopokea, siku gani, na kama naweza kuja na wenzangu ambao nao wana vya kwao.

Wenu,
Msimamizi wa zamani wa nyanjani,
Nakuru